Kikapu cha Mama Mkwe Mtandaoni

— Restuta, ile picha ya kikapu umeiweka wewe?

Mguu wa Restuta ulisimama juu ya pedali ya cherehani, pale kibandani kwake Nkwenda.

— Kikapu gani, Aine?

— Usinizungushe, mpenzi. Ukurasa wa Binti wa Mrengo wa Kushoto. Tata ameuona. Nakuja kukuchukua, anakutaka nyumbani Kamuli sasa hivi.

Simu ikakatika. Mwaka mzima alijificha nyuma ya jina lile, akichanganya ujamaa, bongo fleva na tamthilia, watu wakicheka na kusambaza. Juzi aliandika: "Msanii anaimba njaa huku kavaa cheni tatu, tunamzomea. Anayenunua kahawa ya jirani ikiwa bado maua, tunampa shikamoo. Wote mabepari, wanatofautiana mdundo tu."

Hakutaja mtu. Lakini, kwa kutaka urembo, chini yake aliweka picha ya kikapu cha kahawa ya kutafuna alichokaribishwa nacho ukweni. Ujinga gani huo! Mama mkwe, Placidia, alikisuka mahususi kwa ajili yake, na nakshi yake haina pacha Kyerwa nzima. Na Mzee Rwegoshora, baba mkwe, ambaye Aine humwita Tata, ndiye mnunuzi wa butura: mwenye shida anamuuzia kahawa ikiwa maua, kwa bei ya kutupa. Mahari ilikuwa ipelekwe Jumamosi.

Kwenye pikipiki alimng'ang'ania mchumba wake, Ainebyona, kiunoni.

— Ukiniacha kwa hili nitakufa, Aine.

— Tata akiuliza, nyamaza. Niachie mimi.

Mzee alikuwa anawasubiri sebuleni.

— Shikamoo, Baba.

Badala ya kuitikia marahaba, alinyanyua simu.

— Nani kaandika uchafu huu?

— Mimi, Tata, akadakia Ainebyona.

— Wewe? Hata barua ya kuomba kazi uliandikiwa!

Restuta angekaa kimya tu, angeolewa. Lakini alimpenda mno Ainebyona kumwacha abebe msalaba usio wake.

— Anaongopa, Baba. Ni mimi.

— Basi futa hapa hapa, nikiona. La sivyo, Jumamosi hakuna atakayekanyaga kwenu.

— Picha naifuta, Baba. Niliwavunjia heshima, naomba mnisamehe. Maneno siwezi. Kwetu Nyakasimbi marehemu baba aliuza kahawa ikiwa maua miaka mitatu mfululizo. Tukawa tunachuma kahawa ya mtu katika shamba letu wenyewe.

Mzee akasimama. Restuta aliogopa, aliogopa kweli.

— Toka nyumbani kwangu!

— Akitoka, tunatoka wawili.

Ilikuwa sauti ya Mama Placidia, mlangoni, kitenge kimefungwa kiunoni.

— Placidia!

— Maneno hayo hayo nimekuambia miaka thelathini, ukanirudisha jikoni. Ya huyu umeyasoma mpaka mwisho. Mimi nilitambua kikapu changu tangu juzi, nikanyamaza. Nilitaka nione kama ana moyo wa kuyasema mbele yako.

Mzee alimtazama mkewe, akamtazama mwanawe aliyekwisha kumshika Restuta mkono, akaketi taratibu. Hakuomba radhi, wala hakusema ataacha butura.

— Ainebyona, alisema Mzee. Jumamosi tunaondoka saa ngapi?

— Saa mbili asubuhi, Tata.

Ndipo Restuta akalia kwa sauti, bila kuona aibu ya ukweni.