Kijiti Kilichokwama Katikati

Kijiti kilipaswa kufika saa nane kasorobo, na sasa ilikuwa saa nane na nusu.

Kilikuwa kipande cha mbao chenye urefu wa mkono, kimepakwa rangi nyekundu na nyeupe. Barabara ilikuwa imechimbwa upande mmoja kwa kilomita tisa, mtaro wa kummeza mtu mzima, na upande uliobaki ulitosha gari moja tu. Basi magari yalipita kwa zamu. Gari la mwisho la kila msafara lilikabidhiwa kijiti likipeleke ncha ya pili, na mshika kibao wa huko hakuruhusu hata baiskeli mpaka kijiti kiwe mkononi mwake. Ncha moja alisimama mwanamke ambaye mafundi walimwita Mama wa Huku. Ncha ya pili alisimama Mzee wa Kule. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miezi minne na kuonana mara mbili tu, zote siku ya kugawiwa buti.

Alimjua kwa kijiti. Kilipoanza kumchubua kiganja, siku moja kilirudi kimeviringishwa mpira wa tairi la baiskeli, umekazwa kwa ustadi. Hakuwa ameomba, wala hakuwahi kushukuru. Angeshukuruje kwa redio ambayo kila fundi anaisikiliza? Wangemtania mpaka barabara iishe.

Vumbi lilianza kuinuka saa saba, likaziba anga lote upande wa mashariki. Msimamizi aliwapakia watu wa mitambo kwenye lori la kampuni, akapaza sauti dirishani, "Gari dogo linakuja kukuchukua, mama! Pokea wa mwisho kwanza!" Gari dogo halikuja. Kila mmoja alidhani mwenzake amemchukua, na mambo ya wengi ndivyo yalivyo. Redio ilikoroma, sauti ya Mzee wa Kule ikasema, "Wa mwisho ni pikapu ya bluu. Kijiti anacho." Kisha betri ikafa.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kuna mtu amekwama huko katikati. Lakini mshika kibao haachi kibao chake. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyofundishwa, kabla hata ya kupewa kofia. Alitazama upande wake wa barabara. Hapakuwa na gari hata moja. Akauchomeka mti wa kibao ndani ya pipa la mchanga, uso mwekundu ulioandikwa SIMAMA ukiwatazama wanaokuja, akaukaza kwa kamba ya turubai. Uso wa pili, wa kijani, uliandikwa PITA. Akachukua chupa yake ya maji, lita moja na nusu, akaingia vumbini.

Hakuona hata magoti yake. Alitembea buti la kushoto likiwa kwenye lami na la kulia kwenye changarawe, akijua changarawe ikiisha ni mtaro. Mchanga ulimchoma machoni, ukamjaa puani. Aliita, na upepo ukamrudishia sauti yake mdomoni. Hapo ndipo upweke ulipomshika barabara. Akitumbukia mtaroni, nani atajua leo? Binti yake yuko bweni. Dada yake hupiga simu mwisho wa mwezi. Lori la kampuni linamhesabu kuwa amefika nyumbani. Alijifuta uso akaendelea kuhesabu hatua, kwa sababu kuhesabu kulikuwa namna ya kuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Alipozidi hatua elfu tano, mkono wake ukagonga bati.

Pikapu ilikuwa giza tupu. Kutoka chini ya gurudumu la nyuma mtu aliguna.

"Nani huyo?"

"Wa barabarani. Umeumia wapi?"

"Mkono. Nilikuwa nabadilisha tairi, jeki ikatitia, gari likaniangukia. Nimeita mpaka koo limekauka."

"Na taa?"

"Nilizima, betri isiishe."

"Kaka! Umesimama katikati ya njia, miguu yako iko barabarani, na taa umezima?"

Alimnywesha maji kwa kifuniko cha chupa, kidogo kidogo. Mtu huyo alikuwa fundi mabomba, na nyuma ya pikapu mabomba ya plastiki yaligongana kwa upepo. Mama wa Huku aliwasha taa zote, akakiona kijiti juu ya dashibodi, akakitia mkandani. Kisha akapiga magoti, akaanza kuchimba chini ya mkono ule kwa spana ya magurudumu. Ardhi ilikuwa imeshindiliwa na mitambo. Kila pigo lilitoa kiasi cha kijiko.

Ndipo alipousikia mngurumo, ukitokea upande wake.

"Haiwezekani," alisema. "Kibao kinasema simama."

Mngurumo ulizidi. Alivua fulana yake ya kung'aa, akaifunga kwenye kijiti na kukimbia kuukabili, akipunga na kupiga kelele. Hatua mia moja mbele, taa mbili za manjano zilitokeza ghafla. Honi ililia, breki zikalia, naye akajitupa kando. Lori lilipinda, pua yake ikazama mtaroni, mkia ukabaki umekingama njiani.

Dereva alishuka damu ikimtoka kwenye paji la uso. "Wewe mama! Kibao kinasema PITA, nawe unanirukia barabarani!"

Akaelewa. Upepo ulikuwa umeuzungusha mti ndani ya mchanga. Alijisikia vibaya, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

"Kosa ni langu," alisema. "Una jeki?"

"Ya tani ishirini."

"Ilete. Kuna mtu chini ya gari."

Jeki ya lori iliinua pikapu mara moja. Mkono ulikuwa umevunjika juu ya kifundo, umevimba. Walipasua bomba kwa urefu wamfungie mkono, na fundi, meno yakigongana, bado alisimamia kazi. "Si hilo la inchi mbili, litanibana. Chukua la tatu." Walimaliza maji pamoja, wakafunga gurudumu la akiba. Lori lilikuwa limeziba njia ya Huku. Ilibaki Kule.

Dereva wa lori alishika usukani wa pikapu lakini hakuondoka. "Masaa matatu sasa. Huyo mzee wako ameshaachia magari. Unataka tukutane nayo uso kwa uso?"

"Hajaachia. Kijiti ninacho mimi."

"Na wewe si ulikuwa na kibao?"

Neno lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. "Ndiyo. Mimi niliondoka," alisema. "Yeye haondoki. Washa gari."

Walikwenda polepole, madirisha wazi, wote watatu wakisikiliza. Kila kivuli vumbini kilikuwa lori. Kilomita moja, mbili, nne. Mama wa Huku alikibana kijiti kwa mikono miwili, akaomba asiwe amewadanganya.

Kisha wakaona kijani, uso wa PITA ukiwatazama wao na wekundu ukiielekea foleni.

Mzee wa Kule alikuwa amekikumbatia kibao, vumbi limempaka mpaka kope. Nyuma yake foleni ya magari ilipiga honi na matusi. Mdomo wake ulikuwa umevimba. Kuna aliyechoka kungoja akampiga. Alinyoosha mkono. Akapewa kijiti, akaupapasa ule mpira kwa kidole gumba.

"Kimekawia," alisema.

Gari la mbele kwenye foleni liligeuza likampeleka fundi hospitali. Mama wa Huku alibaki amesimama.

"Nilikiacha kibao, mzee wangu. Upepo ukakigeuza. Nusura niue watu."

Mzee alimpa chupa yake ya maji. "Kunywa kwanza."

Alikunywa. "Na asante kwa mpira," alisema hatimaye, na machozi yakamtoka. Mzee alicheka mpaka mdomo ukatoka damu tena.

Lori bado lilikuwa limekingama njiani kule katikati, na honi hazikukoma.

"Shika huku," alisema Mzee wa Kule. "Mikono yangu imekwisha."

Wakakishika kibao pamoja, mkono wa mzee chini, wa mama juu, mpaka winchi ya kulivuta lori ilipofika.