Mama Bosi Asiyelalamika

Mhudumu wa nyumba ya wageni alileta vikombe vitatu vya chai.

"Sisi ni wawili, mdogo wangu," Mama Bosi alimwambia.

Yule binti akatazama vikombe, akamtazama yeye, kisha akatupa jicho kwenye pembe ya chumba walikoegemeza sanduku lao. "Jana mliingia watatu," alisema kwa sauti ndogo. Halafu akajicheka mwenyewe, akaomba radhi, akaondoka zake. Kikombe cha tatu akakiacha mezani.

Baba Bosi hata hakusikia. Alikuwa anafunga kamba za viatu, na mtu huyo akishafunga viatu akili yake huwa imeshatoka nje. Mkewe ndiye aliyelalamika, tena kwa haki yake: chumba kilinuka nguo mbichi zilizolala kwenye ndoo, na wao hawakuwa wamefua kitu. Alilalamikia harufu, akalalamikia godoro, akahamia kwenye chai. Alipogeuka kuchukua sukari, kikombe cha tatu kilikuwa kimebaki majani matupu.

"Umekunywa chai yangu wewe?"

"Chai gani tena, Mama Bosi? Twende, tutachelewa."

Sasa nisikufiche, mama huyu alikuwa mlalamishi. Fundi cherehani hodari, anakushonea gauni kwa kukutazama tu, lakini mdomo wake, lo! Na mumewe alikuwa mpima viwanja, mtu wa kushinda kwa miguu, asiyejua kutembea taratibu. Wakitoka pamoja, yeye hutangulia na kurudisha mkono nyuma bila kugeuka, akichezesha vidole, mke aje aushike. Ndiyo mapenzi yake hayo. Mama Bosi aliyachukia tangu siku ya kwanza ya ndoa, na kila siku aliushika ule mkono na kuuvuta.

Mjini walikuja kwa ajili ya mtoto. Kijana wao mdogo, waliyembandika jina la Bosi kwa jinsi alivyoamrisha nyumba nzima, alikuwa na kifua cha kubana, na dawa yake kwao haikupatikana. Walimwacha kwa shangazi yake. Usiku kifua kikimkaba, mama yake tu ndiye aliyeweza kumtuliza. Baba yake akimshika, mtoto anazidi kukohoa. Kwa hiyo roho ya mama haikuwa mjini kabisa. Ilikuwa nyumbani, kitandani kwa mtoto, na pengine ndiyo maana kila kitu cha mji kilimuudhi.

Asubuhi yote ilikwenda kwa shughuli. Dawa walipata, wakaifungia ndani ya sanduku. Sanduku likapelekwa kwa fundi abadilishe gurudumu lililovunjika, kisha wakakata tiketi za basi la jioni. Kila walikosimama, ile harufu ya ndoo ikawa ipo. Kwenye dirisha la tiketi Mama Bosi alijinusa kwapa kwa siri, maskini, akidhani ni yeye.

Baada ya hapo Baba Bosi akasema wapande mnara wa zamani, wauone mji kutoka juu, kisha wakapumzike bustanini kando ya bwawa. Alikuwa amemwahidi tangu walipokuwa wachumba.

Ngazi za mnara zilizunguka ndani ya ukuta wa mawe, nyembamba, giza, na baridi ambayo huko nje haikuwepo. Baba Bosi akatangulia na sanduku mkono mmoja. Mkono wa pili akaurudisha nyuma, vidole vinacheza.

Kamba ya kiatu cha Mama Bosi ikakatika.

"Ngoja!" alisema, akainama. Mume hakungoja. "Nimesema ngoja! Siku zote hivi hivi! Kama huwezi kuningoja, tafuta mwingine wa kwenda naye!"

Jamani, kuna maneno si ya kusemwa gizani.

Alipoinua kichwa aliona mkono wa mumewe bado uko pale juu, mtupu, unasubiri. Na kutoka kwenye kona ambako ukuta ulikuwa umejipinda, mahali ambapo mtu hawezi kusimama kwa sababu hakuna pa kusimama, ukatoka mkono mwingine, mwembamba, umelowa, wenye pete ya ndoa kama yake, ukatambaa mpaka ukaingia kwenye kile kiganja, nacho kikafumba. Kisha akasikia nyayo za watu wawili zikipanda kwa mwendo mmoja, na sauti ya mwanamke ikicheka, na kile kicheko alikijua, maana kilikuwa chake, cha zamani, cha kabla ya kuolewa.

Akavua kiatu cha pili, akapanda mbio miguu mitupu, na kadiri alivyopanda ndivyo ile harufu ilivyomjaa puani na mdomoni mpaka akahisi anainywa, na kila kona aliyofika aliona upindo wa gauni lake mwenyewe ukiishia kona ya mbele, na juu kabisa alipotokea kwenye jua, anahema, akakuta wageni wanapiga picha tu, na mlinzi akimwonyesha ngazi nyingine ya kushukia.

"Unamtafuta dada yako?" mlinzi aliuliza. "Ameshuka na bwana mmoja mwenye sanduku. Mapacha, eh? Mmefanana!"

Kutoka juu akawaona. Walikuwa bustanini, kwenye benchi la bwawani, bega kwa bega. Mwanamke yule alivaa gauni alilovaa yeye, kitambaa kile kile, ila Mama Bosi ni fundi, na jicho la fundi haliachi kitu: alipolishona aliukosea mshono wa bega la kushoto, likainuka kidogo, akaona uvivu kulifumua. La yule mwanamke lilikuwa limekaa sawa.

Na mumewe alikuwa anacheka. Alikuwa amelegeza hata mgongo. Mama Bosi hakukumbuka lini alimwona hivyo, na hilo, afadhali niseme ukweli, lilimuuma kuliko hofu.

Mpaka anafika bwawani, benchi lilikuwa tupu, upande mmoja limelowa. Akakimbilia nyumba ya wageni. Yule binti wa chai alimtazama miguu yenye vumbi, akarudi nyuma hatua.

"Mama, si umenirudishia ufunguo sasa hivi? Umeniaga. Ukanishukuru hata kwa chai."

Simu yake ilikuwa kwenye mfuko wa mumewe. Tiketi pia. Alibaki na miguu yake, akaitumia, akikata mji mzima jua likiwa linapungua, akipigiwa honi na kutukanwa, akiomba kila dua aliyowahi kufundishwa, moyoni akimwona Bosi amekaa mlangoni kwa shangazi, anasubiri mama, na mama anayekuja si mama.

Basi lilikuwa linaunguruma tayari. Kondakta akamzuia mlangoni kwa mkono.

"Abiria wangu wote wamo, dada."

"Mume wangu yumo humo! Baba Bosi! Baba Bosi, shuka!"

Alishuka. Hakushtuka kumwona. Akamshika kiwiko, akamvuta pembeni, nyuma ya mizigo, kama mtu anayemtoa mlevi harusini.

"Punguza sauti," alinong'ona. "Watu wanatuangalia."

"Yule si mimi! Yule ni jini, mume wangu! Mimi ndiye mkeo!"

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua kuwa ni wewe." Alitazama viatu vyake. "Nimejua tangu ngazini. Mkono wake ni wa baridi. Lakini haukunivuta nyuma, Mama Bosi. Tumetembea mji mzima, hajanivuta nyuma hata mara moja. Hajasema miguu inauma. Hajasema kitu. Unajua nimepumzika kiasi gani leo?"

"Wewe una wazimu. Na mtoto? Mtoto wetu?"

"Ni mdogo. Atamzoea." Akafungua sanduku, akatoa kandambili zake za bafuni, akaziweka chini mbele ya miguu ya mkewe, akizilinganisha vizuri. "Mji ni mkubwa. Fundi kama wewe hukosi kazi hapa. Usinifanye mtu mbaya, tafadhali."

Mkewe alimkamata shati. Alimwomba kwa jina la mtoto, kwa jina la mama yake mzazi, akaahidi kunyamaza, nakuapia, aliahidi kunyamaza maisha yake yote. Mume akamng'oa vidole kimoja kimoja, bila hasira, akapanda. Kondakta akafunga mlango.

Mama Bosi akalifuata basi ubavuni, anaomba dua kwa sauti sasa, anapiga bati kwa viganja. Alipomaliza, juu yake sauti yake mwenyewe ikajibu, "Amina."

Dirisha likasogezwa. Uso ukainama nje, na harufu ya ndoo ikamshukia. Ulikuwa uso wake, ila kovu la tetekuwanga kwenye kidevu halikuwepo, wala mistari ya chini ya macho. Nyuma yake Baba Bosi alikuwa ameshafumba macho, kichwa kimelala kwenye kiti.

"Mama Bosi," jini likanong'ona kwa adabu, kama jirani aliyekuja kuazima chumvi. "Mtoto akibanwa kifua usiku, unamshikaje?"

Angeweza kunyamaza. Angeweza kulitukana, kulitemea mate, na Mungu shahidi, alitaka. Lakini alimwona mwanawe gizani, midomo imegeuka rangi, mikononi mwa kitu kisichojua kumshika, na kesho tu, labda leo hii, kifua kitambana. Akamwaga machozi, akasema.

"Usimlaze. Mkalishe, mwegemeze kifuani kwako. Usimsemeshe. Pumua taratibu, kwa nguvu kidogo, akusikie. Akisikia unavyopumua, naye atafuata. Endelea mpaka atulie. Usiache."

Basi likaanza kusogea. Jini lilikuwa bado linamtazama, nyusi zimekunjamana, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulionyesha kusumbuka.

"Lakini mimi sipumui," likasema, likafunga dirisha.