Bonge Anapungua

Mjukuu wangu wa kike, yule fundi cherehani, mchumba alimpata kwenye foleni ya bisi. Ndiyo, bisi. Jumamosi mchana, jumba la sinema limefurika, watu wanasukumana, na mbele yake kasimama jamaa mnene, shati la bluu limepigwa pasi mpaka linang'aa, anamuuliza muuzaji kopo dogo lina kalori ngapi. Na kubwa je. Na bila siagi je. Mimi hiyo kalori sijawahi kuiona kwa macho, naambiwa tu imo ndani ya chakula na watu wanaikimbia.

"Kaka, hesabu nyingine kafanyie nyumbani," mjukuu wangu akamwambia. "Filamu inaanza."

Jamaa akageuka. Akaliona gauni la njano, binti kalishona mwenyewe, limemkaa sawasawa. Kalori akazisahau hapohapo. Akajieleza kuwa ni fundi friji, kwamba kazini wanamwita Bonge, na kwamba ameapa jina hilo limtoke kabla mwaka haujaisha.

"Limeshaanza kutoka," binti akasema, macho kiunoni. "Hiyo suruali imekuzidi. Niletee nikupunguzie."

Kwa Bonge maneno hayo yalikuwa matamu kuliko kuambiwa nakupenda. Jumatatu alikuwa mlangoni kwa fundi na suruali tatu mkononi.

Basi wakapendana. Kila Jumamosi mchana sinema, siti mbili za pembeni. Siku nyingine ni simu tu: umekula nini, laazizi? Tango, roho yangu. Tango na nini? Na chumvi kidogo. Wanacheka, sisi wengine tunajifanya hatusikii. Na kila mwisho wa mwezi binti anampima kiuno kwa futi yake ya kazini. Mara ya kwanza kilipungua inchi mbili, Bonge akaibusu ile futi. Mara ya pili inchi tatu. Mara ya tatu binti alipima, akapima tena, akidhani futi imejikunja.

Maana jamaa alikuwa ameshaacha kujinyima. Mwili umekubali, alisema, sasa nile. Kopo dogo likawa kubwa, siagi ikarudi, soda mbili, na chupa ya maji juu yake, na bado ulimi mkavu. Filamu moja anatoka kwenda chooni mara nne, anakanyaga watu miguu, akirudi anainama sikioni kwa binti: nani kafa? Mjukuu wangu anamjibu hajafa mtu bado.

Hilo "bado" lilimkaa binti mwenyewe rohoni. Akaja kunieleza. Nilikuwa namenya viazi, nikaweka kisu chini. Shule sikukaa sana, lakini kaka yangu mkubwa alianza hivyohivyo, kiu na kukonda, tukamzika hajafika arobaini. Nikamwambia, mtu anakula namna hiyo halafu anaisha? Basi kuna kitu kinamla yeye. Akapimwe sukari.

Binti akamwambia Bonge kwa upole. Akamwambia kwa utani. Akamwambia huku analia. Bonge akaona ni wivu, eti binti anaogopa wasichana wameanza kumtazama. Mara ya nne alipoleta suruali, mjukuu wangu alizisukuma zikarudi upande wake wa meza.

"Sipunguzi tena mpaka uende hospitali."

"Unataka nibaki bonge, ndiyo shida yako."

"Nataka ubaki."

Jamaa akakunja suruali zake, akazipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili.

Wiki mbili kimya. Mjukuu wangu alishona shati la mteja akaliweka mikono miwili ya kushoto, nililiona mwenyewe. Jumamosi ya tatu, saa tisa mchana, simu ikaita. Sauti ya Bonge ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeamshwa. Yuko sinema, peke yake, pembeni palepale. Amemkumbuka. Akavuta pumzi kama aliyepanda ngazi, halafu akacheka kidogo.

"Leo wametuibia, mpenzi. Filamu yote ukungu. Sura ya mtu sioni."

Mkasi ukasimama hewani. "Wenzako wanalalamika?"

Akawasikiliza kidogo.

"Hapana," akasema. "Wanacheka."

Binti akamwambia asinyanyuke, na soda aliyoshika aiweke chini. Akatoka mbio, pini za kazi bado zimechomekwa kifuani mwa gauni. Kule ndani giza. Akaita Bonge, akaita tena, watu wakageuka kumtafuta mtu mnene, na mtu mnene hakuwepo. Alikuwepo mmoja tu pembeni, shati la bluu linamning'inia, bisi zimemwagika mapajani, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mlinzi alimbeba peke yake.

Hospitali sukari ilikuwa juu hadi mashine ikagoma kuisoma. Daktari alisema saa moja zaidi, wangekuwa wanaitana kwa jambo jingine.

Siku ya nne akafumbua macho. Akamwona binti kama kivuli tu, akamjua kwa sauti. Akasema amekosa. Binti akasema hata yeye kakosa, angemburuta. Ugonjwa hauondoki, walishaambiwa. Sindano asubuhi na jioni, maisha yote. Akizembea siku mbili anarudi palepale, na safari hiyo huenda asiifikie hospitali. Macho, hayo wangeyangoja.

Nesi akamfundisha mjukuu wangu kuchoma kwenye ngozi ya tumbo. Nilikuwa mlangoni. Vidole vile havijawahi kukosa tundu la sindano, sasa vinapapasa tumbo vikitafuta pa kuanzia. Bonge kafumba macho kwa woga, kashika ukingo wa kitanda.

"Nikikuoa," akasema, "utanichoma hivi kila siku?"

"Kila siku."

"Hata tukigombana?"

"Siku hiyo ndiyo nitachoma vizuri."

"Basi nikubalie."

"Nimekubali."

Akajikaza. "Haya. Choma."

"Nimeshachoma."