Kishati cha Kibonge

Fundi alishonea nyumbani, chumba cha mbele. Mtoto wake wa miezi mitatu alilala kando ya cherehani, ndani ya beseni kubwa lililotandikwa nguo. Baba yake alimwita Kibonge, maana alizaliwa na mashavu yamejaa. Fundi alimshonea kishati cha bluu kwa vitambaa vilivyobaki.

Mlangoni lilining'inia gauni jekundu. Zamani Fundi alilivaa mwenyewe ili kuwavutia wateja. Sasa zipu haikufunga.

"Fundi, gauni limekukataa!" mteja mmoja alimtania. "Au unakula na sehemu ya mtoto?"

Wateja wote wakaangua kicheko. Fundi naye alicheka, lakini maneno yalimchoma.

Tangu siku hiyo akaanza kujinyima. Asubuhi alikunywa chai ya rangi. Mchana hakugusa kitu. Jioni alikula vijiko vichache, basi. Mumewe akimsogezea sahani, alijibu, "Nimeshiba, mume wangu." Huo ulikuwa uongo. Njaa ilimtetemesha mikono hata akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Lakini kila akijipima kiuno kwa futi yake, kilikuwa kimepungua, naye alifurahi.

Kibonge akawa mpole. Alilala muda mrefu, hakulia sana. Nepi yake ilikaa kavu nusu siku.

"Mtoto wangu hana usumbufu," Fundi alijisifu.

Kishati kikaanza kumpwaya mtoto. "Kitambaa hiki kibovu, kimelegea," Fundi alinung'unika. Akakibana ubavuni kwa cherehani. Baadaye kikapwaya tena. Akakibana tena.

Mumewe ndiye aliyeshtuka. Alimwinua mtoto. "Mke wangu, mbona mwepesi hivi?"

Wakampeleka kliniki. Nesi alimpima uzito, akaangalia kadi, akampima tena.

"Mama, mtoto amepungua."

"Haiwezekani, nesi. Kitambaa tu ndicho..." Fundi alianza kujitetea.

Nesi alikishika kile kishati. "Nani amebana hapa?"

"Mimi." Fundi akalia kwa kwikwi. Macho yake yanayoona uzi uliopinda hayakumwona mwanawe.

Daktari alimchunguza mtoto, hakuona ugonjwa. Kisha nesi akakaa na Fundi, akatazama anavyonyonyesha.

"Dada, wewe unakula nini?"

Fundi alimweleza yote.

"Mwili wako unatengeneza maziwa usiku na mchana," nesi alisema. "Kazi hiyo inataka chakula. Anayenyonyesha anahitaji kula zaidi ya alivyokula kabla ya mimba. Ukijinyima sana, maziwa yanaweza kupungua. Na mtoto anayelala mno, hakojoi, huyo si mpole. Ameishiwa nguvu. Ukimwona hivyo tena, mlete upesi."

"Kwa hiyo nisipungue kabisa?"

"Utapungua, ila polepole. Kilo mbili kwa mwezi zinatosha, zisizidi. Kula milo mitatu na kitu kidogo katikati. Maharage, mboga, mayai au samaki, matunda. Kunywa maji kila ukisikia kiu. Punguza soda na vya kukaanga, na utembee. Mnyonyeshe mara kwa mara. Akilala sana, mwamshe anyonye."

Walirudi kliniki kila wiki. Mara ya kwanza uzito haukupanda hata kidogo, na Fundi aliogopa kutazama mzani. Mumewe akawa anapika chakula cha mchana kabla ya kwenda kazini. Fundi alikula chote. Maziwa yalirudi taratibu. Nepi zikaanza kulowa. Mtoto akaanza kulia kwa nguvu, na kilio hicho kilimfariji mama yake.

Asubuhi moja kishati hakikupita tumboni. Fundi alichukua wembe, akafumua mishono yake mwenyewe, wa pili kwanza, kisha wa kwanza. Gauni jekundu lilikuwa bado mlangoni, na zipu bado haikufunga. Hakuligusa.

Mumewe alimwinua mtoto, akaguna kwa uzito. "Lo! Kibonge!"

Mkono wa Fundi ukasimama. Hapo ndipo alipogundua kwamba kwa wiki nyingi hakuna aliyemwita mtoto jina hilo.