Miguu Isiyotulia

Kila Jumamosi Euphrasia alifagia uwanja kwa pupa hata mistari ya ufagio ikapinda kama njia ya nyoka. Aliteka maji, akaosha vyombo, akanywa uji ungali wa moto, kisha akatoka mbio huku mama yake akimwita arudi afunge banda la kuku. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na katika mtaa ule wa wafanyakazi wa mgodi wa almasi hakuna aliyewahi kumwona ametulia.

Alikuwa akikimbilia kiwanja cha gofu cha mgodi. Zamani kilikuwa cha wakubwa peke yao. Mwaka ule wa 1974, watoto wa wafanyakazi waliruhusiwa kujifunza siku za Jumamosi, na mwalimu wao alikuwa Mama Anar. Yeye na mumewe walikuwa na duka la vitambaa mjini Shinyanga, na wanaume waliowahi kumshinda kwa gofu walikuwa wachache. Alicheza amevaa suruali pana na kanzu fupi, mtandio ameufunga kiunoni.

Watoto wanne walitakiwa kwenda Mwanza kushindana. Watatu walikwisha kupatikana, wakiwamo Anar, binti wa mwalimu, na Ignas, mwana wa dereva wa lori. Nafasi ya nne ingekuwa ya Euphrasia, iwapo angevusha mpira juu ya korongo lililokuwa mbele ya shimo la tatu. Kamati ya kiwanja ingempa mipira miwili tu, Jumamosi iliyofuata. Akishindwa kuvusha hata mmoja, angebaki nyumbani.

Jumamosi ya mazoezi, juma moja kabla ya jaribio hilo, hakuvusha hata mmoja. Mpira mmoja uliruka kidogo ukatumbukia korongoni. Mwingine haukuruka kabisa, ukabiringika kama chungwa lililodondoka sokoni. Anar, mwenye mikono myembamba kama mabua ya mtama, alivusha mipira yake bila hata kukunja uso. Euphrasia alimtazama akaumia. Yeye ndiye aliyekuwa na nguvu. Likizo zote alilima pamba kwa shangazi yake kule Samuye, sambamba na watu wazima. Basi akaona dawa ni moja: kupiga kwa nguvu zaidi.

Juma lilipoanza, alitoroka kila jioni baada ya masomo, akaenda kupiga mipira peke yake. Aliikaba fimbo ya gofu hata viganja vikatoka malengelenge, na malengelenge yakapasuka. Mgongo ulimuuma akaficha. Mezani alikula kwa ncha za vidole ili mama yake asivione viganja.

Mama Anar alimkuta pale jioni moja. Euphrasia alimwamkia shikamoo huku mikono ameipeleka nyuma. Mama Anar aliitikia marahaba, akaichukua fimbo na kuona damu kwenye mpini.

"Fimbo hii imekukosea nini?" aliuliza.

Euphrasia aliamriwa apige mara moja, akapiga. Aliinua fimbo moja kwa moja juu ya kichwa, mgongo umejikunja, akaishusha kwa mikono. Vumbi likaruka. Mpira ukabaki palepale.

"Unalima," alisema Mama Anar, bila kucheka. "Na unalima vizuri. Lakini jembe linautafuta udongo, mwanangu. Mpira haumo udongoni, uko juu yake. Na hii miguu yako ina safari ya wapi? Unapiga ukiwa umeshaanza kuondoka."

Alimtuma akajaze maji beseni kwenye bomba la mtunza bustani, kisha akamwambia ayamwage mbali awezavyo. Euphrasia alipanua miguu, akageuka upande wa kulia na beseni lake, akayarusha. Maji yaliruka kama shuka lililokung'utwa. Mama Anar alimwambia arudie, sasa polepole, aangalie ni kiungo gani kinachotangulia. Ndipo Euphrasia alipogundua kwamba uzito ulitoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto, kiuno kikageuka, na mikono ikafuata mwisho kabisa.

Fimbo nayo, Mama Anar alimweleza, hutaka vivyo hivyo: magoti yalegee kidogo, mgongo uiname kutoka nyongani bila kujikunja, kichwa kitulie mpaka mpira uondoke. Kisha akamnyima mipira. Mpaka Jumamosi, alisema, ni kuzungusha fimbo kwenye hewa tu, na viganja vipakwe dawa.

Kupiga hewa kulimtesa Euphrasia kuliko jembe la jua kali. Mwishowe alimsihi Anar amwibie mpira mmoja.

"Mama atajua," Anar alijibu. "Viganja vyako havijui kunyamaza."

Jumamosi ilifika na upepo wa vumbi. Wanakamati walisimama kando, na Mama Anar alikatazwa kusema neno. Euphrasia aliweka mpira wa kwanza, miguu ikicheza chini yake, akasahau yote. Akalima. Mpira ukatumbukia korongoni.

"Mvua bado, dada," Ignas alisema. "Unapanda nini?"

Watu wakacheka. Euphrasia alitaka kupiga upesi, kabla kicheko hakijaisha, ili aibu ipite. Fimbo ilikuwa imeshaanza kuinuka alipoishusha tena. Akarudi nyuma ya mpira. Akasimama mpaka akausikia udongo chini ya visigino vyake. Aliweka mguu wa kulia, akaweka wa kushoto, akageuka, akaacha kiuno kitangulie.

Mikononi hakusikia karibu chochote. Mpira ulipaa, ukavuka korongo, ukadunda ng'ambo na kuendelea.

Ignas alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Mama Anar alisubiri mpaka mwenyekiti wa kamati alipotikisa kichwa kukubali, ndipo akamsogelea mwanafunzi wake.

"Nguvu ulikuwa nazo tangu siku ya kwanza," alimwambia. "Lakini bidii isiyotaka kufundishwa huchimba mashimo tu, na kujiumiza kwa siri si bidii. Ulipokosa leo, ulirudi nyuma ukajipanga. Hapo ndipo ulipopata safari ya Mwanza, hata kabla hujapiga." Akautazama udongo uliochimbuliwa. "Sasa kalete mchanga uzibe shimo lako. Kuna wenzako watakaosimama hapa."

Euphrasia akaenda kuchota mchanga. Alikwenda akitembea.