Mtetemeko wa Jumapili

Mtetemeko wenyewe ulikuwa mdogo, hata chai haikumwagika. Kalolaine, mtunza mtambo wa kupimia mitetemeko, uliokuwa nyumbani kwake kisiwani 'Eua, aliuandika: nguvu nne, baharini mashariki, kina kilomita kumi. Kilichomkera ni ukimya. Siku nyingine watu wangeipiga ardhi kwa magongo na kumkemea yule alalaye chini ya kisiwa, ambaye akijigeuza nchi hutetemeka, atulie. Lakini Jumapili Tonga ni siku ya Mungu, hata kuni hazipasuliwi.

"Hajakemewa," alinong'ona mama yake, Fusi. "Atadhani amekaribishwa."

"Mama nawe! Kula majimbi yako."

Kijiji kikalala baada ya chakula. Mtambo ukaandika tena: kwenye miamba, kina kilomita nne. Kisha ufukweni, kilomita moja. Kisha makaburini. Kalolaine akajiambia mashine imeharibika, akaizima, akaiwasha. Ikaandika mlangoni kwake, kina sifuri.

Hapo harufu ya matope ya bahari ikajaa chumbani, na mkeka aliolalia bintiye Lesieli ukaanza kuinuka na kushuka, taratibu, kana kwamba chini yake kuna kifua kinachopumua, na mtoto, macho kayafumba, akawa anazama nao, sakafu ya saruji ikimpokea kama mchanga uliolowa, mpaka ukabaki uso tu.

Kalolaine akamvuta, asiweze. Akanyakua gongo la kupondea magome ya mti yanayofanywa nguo.

"Leo Jumapili, mwanangu," Fusi alisema. "Watu watasema."

"Waseme. Mungu atanisamehe. Huyu hasamehe."

Akaipiga sakafu kwa nguvu zake zote. Hofu alikuwa nayo, tena tele, ila hasira iliizidi.

"Toka! Nyumba hii ina mwenyewe. Umekuja bila hodi, utarudi bila kwaheri!"

Akapiga, akatukana, akapiga, mpaka saruji ikamtema mtoto. Lesieli akakohoa mchanga, akalia kilio kizima cha mtoto aliye hai. Kwenye mtambo namba zikarudi nyuma: makaburini, ufukweni, miamba, bahari.

Simu ikalia. Mtu wa zamu katika kituo cha mjini, zilikopokelewa namba za mtambo, aliuliza nani anagonga ardhi Jumapili, na aandike nini kuwa chanzo.

"Andika mwenye nyumba," Kalolaine akasema, akakata.

Walikuwa wakimwosha mtoto mtambo ulipoandika tena, kina sifuri, pale pale mlangoni: mapigo matatu madogo, ya adabu kabisa, kama ya mtu anayebisha.

Kalolaine akaliokota gongo, akasimama nyuma ya mlango.

"Hodi hiyo," akasema, "sijaiitikia."