Dédé Anatafuta Lori la Kilwa

Kila asubuhi mtaani Hewa Bora, Syntiche aliwasha makaa kwenye jiko lao la mbabula, akachemsha chai, kisha akaenda kufunga lango mara ya tatu, kwa sababu kaka yake alikuwa amelifungua mara ya tatu. Dédé alikuwa na miaka kumi na tisa na kifua cha mwanamasumbwi, ila tangu kuzaliwa alijifunza mambo polepole. Viatu alijivalisha mwenyewe. Kama cha kulia kiliingia mguu wa kushoto, hilo lilikuwa shauri la kiatu.

"Baba atarudia lini?"

"Kesho, yaya," Syntiche alimjibu kaka yake mkubwa. "Iko Kilwa, anauzisha samaki."

"Jana ulisema kesho."

"Na kesho nitasema tena. Kunywa chai!"

Baba yao, Ngosa, alikuwa amezikwa wiki tatu zilizopita. Siku za kilio, majirani walipojaa uani kwenye viti vya kukodi, wakubwa walimpeleka Dédé kwa shangazi ili asisumbuke. Aliporudi, viti havipo, baba hayupo. Syntiche akaitunga safari ya Kilwa. Mama yao, Huguette, alisikia, akamwacha aseme.

Darasani Syntiche hakutulia. Goti lilicheza chini ya dawati, macho dirishani. Alhamisi alirudi akakuta lango wazi. Dédé hayupo!

Yeye na mama walikimbia hadi kwenye maegesho ya malori yaendayo Kilwa. Dédé alikuwa juu ya magunia ya unga, kwenye lori la Kilwa, amekumbatia koti la baba. Injini ilikuwa imewaka.

"Shuka, papa, gari inaenda!" dereva alimpigia kelele kijana huyo.

"Ninafwata baba. Alisahau koti yake."

Jioni, wakiwa wamerudi naye nyumbani, alikuja Maman Brigitte wa parokia, ambaye huzitembelea familia zilizofiwa zenye watoto kama Dédé. Binti yake mwenyewe yuko hivyo.

"Mulimufichia kilio?"

"Tuliogopa atalia," mama alisema.

"Na weye haukulia? Mumwambie kwa maneno mafupi. Musiseme amelala, musiseme amesafiri. Akiuliza mara kumi, mujibu mara kumi vilevile."

Syntiche alikiri. "Njo mimi nilimudanganya. Nitasema mimi."

Alikaa mbele ya kaka yake. "Yaya, baba alikufa. Mwili yake haifanye kazi tena. Hapumui. Hatarudia."

"Hata kesho?"

"Hata kesho."

Dédé alimsukuma, akalia kwa sauti iliyowatoa majirani nje. Mama akalia naye, safari hii bila kujificha.

Jumamosi walikwenda makaburini. Dédé alichota udongo akautupa juu ya kaburi, kama wengine walivyofanya siku ya mazishi bila yeye. Aliuliza mara saba kama baba yuko humo. Mara saba Syntiche akajibu. Kwenye malori hakwenda tena.

"Ulitaka kumulinda, mutoto yangu," Maman Brigitte alimwambia Syntiche njiani. "Lakini muntu mwenye kufichwa kifo anabaki anatafuta. Akili ya Dédé inaenda polepole. Huzuni yake inaenda mwendo moja na yetu. Mumupe kweli, halafu mukae naye."